Je, Mawazo Huleta Saratani?

Katika misiba ya watu waliofariki kwa saratani kuna sentensi isiyokosekana: "Marehemu alikuwa na mawazo sana." Atasema jirani, atasema shangazi, na waliokaa jamvini wataitikia kwa kichwa. Mume alimwachia watoto akaenda zake. Kiwanja cha urithi kiliuzwa na ndugu kwa siri. Mwanawe wa kwanza alizama kwenye dawa za kulevya. Kila aliyepo anaijua habari hiyo, na kwa kuwa habari ni ya kweli na maumivu yake yalikuwa ya kweli, inachukuliwa kwamba ndiyo iliyomuua.

Swali la mawazo huja pamoja na mengine mengi. Simu inaleta kansa? Nyama choma je? Maji ya chupa iliyoachwa juani? Sindano za uzazi wa mpango? Ni maswali ya haki, kwa sababu mtu anayeogopa ugonjwa lazima atake kujua unatoka wapi. Lakini hayana uzito sawa. Mengine yana majibu yaliyothibitishwa miaka mingi, mengine yana jibu la nusu, na hili la mawazo, ambalo ndilo tunalolishikilia kuliko yote, lina ushahidi dhaifu kuliko yote. Kulishikilia kuna gharama. Kunamtwisha mgonjwa lawama asiyostahili, na kunatupofusha tusione visababishi vinavyojulikana vizuri, ambavyo baadhi yake vina chanjo kwenye zahanati ya kata.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mwili umejengwa kwa seli, na kila seli ina maelekezo yake ndani ya jeni: lini igawanyike, lini iache, lini ife. Saratani huanza pale maelekezo hayo yanapoharibika katika seli moja, ikawa inagawanyika pasipo kusikia amri ya kuacha. Kosa moja kwa kawaida halitoshi. Yanahitajika makosa kadhaa, yakusanyike kwenye ukoo mmoja wa seli, na mkusanyiko huo huchukua miaka, mara nyingi kumi, ishirini au hata zaidi. Mwaka 1775 daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kuhusu saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani kwa watu waliokuwa wakisafisha mabomba ya moshi majumbani. Kazi hiyo waliifanya wakiwa watoto wadogo wanaoweza kupenya kwenye bomba. Ugonjwa uliwatokea ukubwani, masizi yakiwa yameganda kwenye ngozi yao tangu utotoni. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa daktari kuihusisha saratani na kitu mahususi kutoka kazini.

Jambo la miaka hiyo lishikwe vizuri, maana linabomoa nusu ya hoja zinazotolewa msibani. Mama anayegundulika leo kuwa na uvimbe wa titi kwa kawaida amekuwa nao mwilini kwa muda mrefu kabla haujapapasika. Talaka ya mwaka jana imekuta safari imekwisha kuanza.

Habari bora zaidi ya namna saratani inavyosababishwa ilitokea papa hapa Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alianza kuona watoto wenye uvimbe wa taya unaokua kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1958 aliandika makala ya kwanza kuhusu ugonjwa huo. Hakuishia hapo. Alituma barua na picha kwenye hospitali za bara zima akiuliza nani amewaona watoto wa namna hii, na mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili waliingia kwenye gari kuukuu wakasafiri kutoka Kampala kwenda kusini mwa Afrika na kurudi, kiasi cha kilomita 16,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani waliyorudi nayo ilisema jambo la ajabu: ugonjwa ulikuwa unafuata joto na mvua. Kwenye nyanda za juu zenye baridi haukuwapo. Kwenye mabonde na kando ya maziwa ulijaa. Ramani hiyo ilifanana mno na ramani ya malaria.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein, pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza kuwa ndani ya seli hizo wameona kirusi kipya. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na leo kinaitwa Epstein-Barr.

Hapo pangeweza kuwa mwisho wa hadithi, lakini utamu wake uko mbele. Baadaye ilibainika kuwa kirusi hicho kiko kwa karibu kila mtu mzima duniani. Wengi hukipata utotoni, nacho hukaa kimya maisha yote. Basi kwa nini watoto wa Mwambao wa Ziwa Viktoria waugue na wa Ulaya wasiugue kwa kiasi hicho? Jibu lililopatikana ni kwamba malaria ya mara kwa mara inaivuruga kinga ya mtoto, inazichochea seli zake za kinga zigawanyike kwa wingi huku kirusi kikiwa ndani yake, na katika kugawanyika huko hutokea kosa moja mahususi la jeni linaloiachia seli breki. Kirusi, malaria, na kosa la jeni: vitatu vikutane ndani ya mtoto mmoja. Ndiyo maana watoto wengi wana kirusi, wengi wana malaria, na wachache sana wanaugua. Anayeuliza "mbona fulani alivuta sigara hadi miaka 90 hakupata kansa?" ajibiwe kwa habari hii. Kisababishi huongeza uwezekano. Hakimshiki kila aliyekutana nacho.

Na tuseme pia, kwa faraja, kwamba uvimbe wa Burkitt ni miongoni mwa saratani za kwanza kuonekana zikipona kwa dawa pekee, na kazi hiyo ilifanyika Kampala, ambako Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967.

Maambukizi, kwa kweli, ndiyo sura ambayo uchambuzi wa saratani kwetu haupaswi kuiruka. Duniani kote kiasi cha saratani 13 katika kila 100 hutokana na vijidudu. Kusini mwa Sahara sehemu hiyo ni kubwa zaidi kwa mbali. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa kuua wanawake katika nchi nyingi za kanda hii, husababishwa na kirusi cha papiloma, HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Mjerumani Harald zur Hausen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kulithibitisha jambo hilo. Wengi wetu tunakipata kirusi hiki wakati fulani, na kwa wengi mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wachache hung'ang'ania, na baada ya miaka kumi au ishirini huzaa saratani. Mwanamke mwenye VVU, ambaye kinga yake imepungua, yumo hatarini zaidi. Homa ya ini aina ya B na C huleta saratani ya ini. Kichocho cha mkojo, kinachowasumbua wakazi wa Kanda ya Ziwa na mashamba ya mpunga, kikikaa miaka mingi bila tiba huunguza kibofu hadi kikazaa saratani. Doa la Kaposi, ambalo kizazi cha miaka ya 1980 na 1990 kilijifunza kulitambua usoni mwa wagonjwa wa UKIMWI, nalo lina kirusi chake, kilichogunduliwa mwaka 1994.

Kisha iko sumukuvu. Huyu ni adui anayekaa ghalani. Mahindi na karanga zikivunwa zikahifadhiwa kabla hazijakauka vizuri, kuvu huota na kuacha sumu isiyoonekana kwa macho wala kutoka kwa kupikwa. Ikiwa nyingi huua upesi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na mwaka 2016 vifo vya namna hiyo vilitokea katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Lakini dozi ndogo ya kila siku, ile isiyomlaza mtu hata siku moja, ndiyo inayohusika na saratani. Sumukuvu huacha alama yake kwenye jeni za seli za ini, alama ambayo watafiti wanaweza kuisoma, na ikimkuta mtu mwenye homa ya ini B, hatari ya viwili hivyo kwa pamoja huzidi kwa mbali hatari ya kila kimoja peke yake. Ugali ndio chakula chetu cha kila siku. Turubai la kuanikia mahindi na kipimo cha unyevu ghalani ni vifaa vya kuzuia saratani sawasawa na chanjo, na inasikitisha kwamba mazungumzo yetu ya kansa hayafiki huko.

Tumbaku haihitaji maneno mengi. Tangu Richard Doll na Austin Bradford Hill walipochapisha utafiti wao mwaka 1950 kuhusu wagonjwa wa hospitali za London, hakuna jambo lililothibitishwa kwa ukamilifu kuliko uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, na baadaye koo, kibofu, kongosho na nyinginezo. Ugoro na tumbaku ya kuweka mdomoni vimo humohumo. Popoo ya kwenye tambuu, inayotafunwa Unguja, Mombasa na kwingineko pwani, imo katika orodha ya vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani ya kinywa, hata ikiliwa bila tumbaku. Pombe imo pia, yote, ya kiwandani na ya kienyeji. Jua kali la ikweta ni hatari ya kufisha kwa ndugu zetu wenye ualbino. Wengi wao hupata saratani ya ngozi katika umri ambao wengine ndio kwanza wanaanza familia, na kofia pana na mafuta ya kukinga jua ni tiba kwao, si urembo.

Saratani ya umio ina fumbo lake. Kuna ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita magharibi mwa Kenya, Kilimanjaro na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako watu wengi kupita kawaida wanaugua ugonjwa huu, na wagonjwa wanafika hospitali wakiwa hawawezi tena kumeza hata uji. Sababu moja inayochunguzwa ni vinywaji vya moto sana. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililopo Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba kunywa vitu vyenye joto linalozidi nyuzi 65 yaelekea kunachangia. Watafiti waliopima joto la chai Kilimanjaro walikuta wastani wa wanywaji wanaanza kuinywa ikiwa juu ya kiwango hicho. Chai yenyewe haina kosa; kosa ni kuinywa ikiwa ya moto mno. Kusubiri dakika chache hakuna gharama yoyote.

Shirika hilo la Lyon ndilo chanzo cha vichwa vya habari vinavyotutia hofu, kwa hiyo ni vizuri kujua linavyofanya kazi. Linapanga vitu katika makundi kwa kuangalia ushahidi ulivyo imara. Ukubwa wa hatari ni suala jingine kabisa. Mwaka 2015 lilipoiweka nyama iliyosindikwa, kama soseji, katika kundi la kwanza pamoja na sigara, magazeti yaliandika kana kwamba soseji moja ni sawa na pakiti ya sigara. Maana yake ilikuwa kwamba tuna uhakika zote mbili zinachangia, basi. Sigara inaua watu wengi mno kupita soseji. Nyama nyekundu iko kundi la chini yake, lile la "yaelekea". Nyama iliyochomwa hadi ikawa makaa ina kemikali zisizofaa, lakini anayekula nyama choma mara mojamoja na kuikwangua sehemu iliyoungua hana sababu ya kukosa usingizi. Mionzi ya simu iliwekwa mwaka 2011 katika kundi la "huenda", kundi la mashaka, na miaka yote hii ya mabilioni ya watu kushika simu haijaonyesha wimbi la uvimbe wa ubongo. Vidonge vya uzazi wa mpango vina habari ya pande mbili: vinaongeza kidogo hatari ya saratani ya titi na ya mlango wa kizazi kwa muda vinapotumiwa, na vinapunguza ile ya ovari na ya mji wa mimba. Sukari hailishi saratani kwa namna watu wanavyodhani. Inanenepesha, na unene ndio unaoongeza saratani kadhaa.

Urithi nao unapewa uzito kuliko unavyostahili. Saratani zinazotokana moja kwa moja na jeni mbovu iliyorithiwa kwa mzazi ni kati ya 5 na 10 katika kila 100. Na kuna makosa ya jeni yanayotokea tu, seli inapogawanyika kama kawaida yake, pasipo mtu kukosea lolote. Hili ni gumu kulipokea. Tunapenda kila ugonjwa uwe na mkosaji. Lakini daktari mwaminifu akiulizwa na mgonjwa, "Nimefanya nini mimi?" mara nyingi hana budi kujibu kwamba hakufanya kitu.

Sasa turudi kwenye mawazo.

Wazo hili ni la kale. Galeni, tabibu aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, alifundisha kwamba mwili una majimaji manne, na kwamba nyongo nyeusi ikizidi huleta huzuni nzito na pia uvimbe wa saratani. Huzuni na kansa zilikuwa watoto wa mama mmoja. Mafundisho hayo yakapita kwa Ibn Sina na matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu, na mabaki yake yangali katika tiba za pwani yetu, kwa wale wanaozungumzia safura na balghamu. Kwa hiyo anayesema "mawazo yamemletea kansa" anarudia fundisho lililodumu kwa karne nyingi kabla mtu yeyote hajaiona seli.

Kuna sehemu ya historia hii inayojulikana na wachache, nayo ni ya karibu zaidi. Mtaalamu aliyelifanya suala la stresi lijulikane duniani, Hans Selye wa Montreal, alipokea fedha za makampuni ya tumbaku. Haya yalijulikana kutokana na nyaraka za ndani za makampuni hayo zilizowekwa wazi baada ya kesi za Marekani. Kwa makampuni hayo hoja ilikuwa tamu mara mbili: kama msongo ndio unaoua, basi sigara haina hatia, na kama sigara inatuliza msongo, basi ni dawa. Huko London, mwanasaikolojia mashuhuri Hans Eysenck, naye akisaidiwa na fedha za tumbaku, alishirikiana na Ronald Grossarth-Maticek kuchapisha tafiti zilizodai kwamba kuna watu wenye tabia ya kupata saratani, wale wanaomeza hasira na kujiona hawana msaada, na kwamba tabia hiyo ina nguvu kuliko sigara. Namba zao zilikuwa kubwa kiasi cha kutoaminika. Mwaka 2019 Chuo cha King's cha London kilitangaza kwamba makala 26 za wawili hao si salama kutegemewa. Eysenck alikuwa amekwisha kufa tangu 1997, lakini lile wazo la mtu anayemeza hasira hadi ikamzalia kansa lilikuwa limeshasambaa vitabuni na mahubirini. Nadhani kila anayelirudia anapaswa kujua ni nani walioligharamia.

Ukiyaondoa hayo, ushahidi safi unasemaje? Tatizo la tafiti za zamani lilikuwa njia yake. Walimchukua mwanamke mwenye saratani ya titi wakamuuliza kama alipata shida miaka iliyopita. Mtu aliyekwisha kupewa jina la ugonjwa huo huyachambua maisha yake usiku kucha akitafuta sababu, naye ataipata. Asiye mgonjwa hana haja ya kukumbuka. Njia ya haki ni kuwauliza watu wakiwa wazima, kisha kuwafuatilia miaka na miaka.

Imefanyika hivyo. Mwaka 2013 watafiti walikusanya tafiti 12 za Ulaya zenye watu zaidi ya 116,000 na kuangalia msongo wa kazini: hawakukuta uhusiano na saratani ya utumbo mpana, mapafu, titi wala tezi dume. Uingereza, wanawake wapatao 106,000 waliulizwa kuhusu msongo na misukosuko ya maisha wakafuatiliwa. Mwaka 2016 majibu yalionyesha kwamba kwa jumla wenye msongo hawakupata saratani ya titi zaidi ya wengine. Denmark ina kumbukumbu za wananchi wake wote, hivyo waliweza kupima jambo zito kupita yote, kufiwa na mtoto. Wazazi zaidi ya 21,000 waliofiwa walilinganishwa na wazazi wasiofiwa. Kwa akina baba hakukuwa na tofauti ya jumla. Kwa akina mama kulikuwa na ongezeko dogo, na lilijitokeza hasa katika saratani zinazoambatana na sigara.

Sitaficha upande wa pili. Utafiti wa Finland wa mwaka 2003, uliofuatilia wanawake wapatao 10,800, ulikuta kwamba walioachika au kufiwa na mume walipata saratani ya titi zaidi. Upo, na wanaoutaja hawasemi uongo. Lakini kundi lake ni dogo likilinganishwa na yale yaliyofuata, na nikiyaweka yote mezani, uamuzi wangu ni kwamba kama msongo unaanzisha saratani, mchango wake ni mdogo kiasi kwamba tafiti za watu laki moja zinashindwa kuuona. Sigara ilionekana kwa wagonjwa mia kadhaa tu.

Maabara inatoa picha yenye utata zaidi, na hapa wataalamu bado wanafanya kazi. Mtu akiwa na hofu au dhiki, mwili hutoa adrenalini na kortisoli, na homoni hizo zikidumu hubadilisha kinga. Mwaka 2024 watafiti wa Cold Spring Harbor huko New York walionyesha kwamba panya wenye saratani wakisumbuliwa kila siku, seli fulani za damu hutandaza nyuzi zinazonata, na nyuzi hizo zinasaidia saratani kusambaa hadi mapafuni. Angalia vizuri: panya hao walikuwa na saratani tayari. Kuanza kwa ugonjwa na kusambaa kwake ni mambo mawili, na panya aliyefungiwa ndani ya kichupa si mama wa watoto wanne anayefikiria ada. Utafiti huo unaweza kuzaa dawa siku moja. Kwa sasa hauwezi kumwambia mtu kwamba aliugua kwa sababu ya ndoa yake.

Jambo jingine husahaulika. Saratani yenyewe inaweza kuleta huzuni kabla haijajulikana. Wapo wagonjwa wa kongosho wanaoingia katika sonona na kukosa nguvu miezi kadhaa kabla ya maumivu kuanza. Familia itakumbuka huzuni kwanza, ugonjwa baadaye, na kuzipanga hivyo, ilhali mpangilio wa mwilini ulikuwa kinyume.

Hata hivyo dhiki ina mlango mwingine wa kuingilia, na huu hauna shaka. Mtu aliyelemewa huvuta zaidi, hunywa zaidi, hula ovyo, halali. Zaidi ya yote huahirisha. Mama mwenye kidonda kisichopona na nauli ya kuunga atawapeleka watoto shule kwanza. Atakunywa dawa ya mizizi kwanza. Atasali kwanza. Na tukiwa tumemweleza kwamba kinachomsumbua ni mawazo, atajaribu kwanza kuyapunguza mawazo. Ukienda hospitali za Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando kule Mwanza, KCMC Moshi au Kenyatta Nairobi, utaambiwa maneno yaleyale: wengi wanafika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Dhana ya mawazo ina mkono katika ucheleweshaji huo, na huko ndiko inakoua.

Inaumiza pia waliokwisha kuugua. Nimekwisha kusikia wagonjwa wakiombwa wasamehe ili wapone, wakihimizwa wachangamke ili dawa ifanye kazi, kana kwamba machozi yanaudhoofisha mwili. Jambo hili limepimwa. Mwaka 1989 David Spiegel wa Stanford, Marekani, alitangaza kwamba wanawake wenye saratani ya titi iliyosambaa waliokuwa wakikutana kila wiki kuzungumza na kufarijiana waliishi muda mrefu zaidi. Dunia ilifurahi. Utafiti mkubwa zaidi wa Kanada, uliotolewa mwaka 2001, haukuona nyongeza ya maisha, na Spiegel mwenyewe alipourudia, matokeo ya 2007 hayakuiona kwa jumla. Kilichobaki ni cha thamani vilevile: wale waliokuwa katika hali ngumu walipata nafuu ya maumivu na ya moyo. Mgonjwa anastahili kufarijiwa kwa sababu anateseka. Asidaiwe uchangamfu kama sharti la kupona, kisha siku hali ikizidi kuwa mbaya ajione ameshindwa mtihani.

Wakati sisi tukibishana kuhusu mawazo, majibu mengine yamo mikononi. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana dhidi ya HPV nchi nzima mwaka 2011, ikawa ya kwanza Afrika, na zaidi ya wasichana 9 katika kila 10 wakafikiwa. Tanzania ilianza nchi nzima mwaka 2018, Kenya 2019. Utafiti uliofanywa Kenya kwa wasichana na wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20 ulionyesha kuwa dozi moja inakinga kwa zaidi ya asilimia 97 katika mwaka mmoja na nusu wa kwanza, na utafiti wa Mwanza ulithibitisha kwamba dozi moja huamsha kinga vizuri kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Leo Tanzania inatoa dozi moja kwa umri huo. Uvumi kwamba chanjo inaondoa uzazi hauna ukweli. Kwa wanawake watu wazima kuna kipimo cha siki: muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo kabla haijawa saratani. Chanjo ya homa ya ini B ipo katika chanjo za watoto. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wake mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikapungua karibu nusu ndani ya miaka kumi na kitu.

Basi kama una binti wa miaka 9 hadi 14, mpeleke akachanjwe mwezi huu. Kama wewe ni mwanamke uliyefikisha miaka 30, omba kipimo cha siki, na kama una VVU usisubiri umri huo. Ukiona uvimbe, kidonda kisichopona, damu isiyo ya kawaida au chakula kinachokwama, nenda hospitali kabla ya kumuuliza mtu yeyote ni nini kimekusumbua moyoni. Na ukiwa msibani, mtu akisema marehemu aliuawa na mawazo, mjibu kwa upole, mbele ya watoto wake, kwamba haikuwa hivyo.